Kiwanja cha 20 kwa 20 Arusha: nyumba, gari na bustani vikae wapi

Ramani ya nyumba watu huitafuta mapema, wengine hata kabla hawajapata kiwanja. Lakini swali la nyumba ikae upande gani wa kiwanja, gari lipite wapi, maji machafu yaelekee wapi na mti upandwe wapi huachwa mpaka siku ya kusetia msingi. Siku hiyo fundi husimama katikati ya kiwanja, huangalia huku na huku, kisha huchomeka vigingi pale pale aliposimama. Nyumba inakaa katikati kabisa, na pande zote nne zinabaki vichochoro.

Tuweke namba mezani. Kiwanja cha mita 20 kwa 20 ni mita za mraba 400. Nyumba ya vyumba vitatu yenye mita 12 kwa 9 inakula 108. Zinabaki 292, na hizo ni nyingi kuliko wengi wanavyodhani. Ukiiweka nyumba katikati, zile 292 zinagawanyika: mita 4 kushoto, mita 4 kulia, mita 5.5 mbele na mita 5.5 nyuma. Mbele gari linaingia lakini haligeuki. Pembeni hakuna mti wenye kivuli utakaokaa bila kugusa bati. Nyuma pana kamba za nguo na karo la majitaka, basi. Eneo lipo, lakini hakuna mahali pamoja pa kutosha jambo lolote.

Isogeze nyumba hiyo hiyo kwenye kona, mpaka pale sheria inapokuruhusu, na zile mita 292 zinakusanyika. Mwongozo huu wote unasimama juu ya jambo hilo: nafasi iliyobaki iwe moja, iwe kubwa, na iwe upande unaofaa. Upande unaofaa kwa Arusha ni upi, hilo ndilo litakalotuchukua muda.

Mipaka kwanza

Usichore chochote kabla hujaziona bikoni zote nne, yaani alama za mpaka kwenye kona, kwa macho yako. Chukua hati au ramani ya upimaji, nenda na futi ya mita 30 au 50, pima kila upande, kisha pima kona kwa kona. Kiwanja cha 20 kwa 20 kilicho mraba kamili kina mita 28.28 kona kwa kona, pande zote mbili. Kona moja ikikupa 29 na nyingine 27 na nusu, kiwanja chako kimelala upande, na ukuta wa nyumba utakaoufuata mpaka mmoja hautalingana na mpaka wa pili. Hilo si tatizo ukilijua mapema. Ni tatizo likigunduliwa tofali za msingi zikiwa zimeshapangwa.

Bikoni ikiwa imefukiwa au imeng'olewa, mwite mpima ardhi. Usikubali kuonyeshwa mpaka na jirani kwa kidole, hata kama ni mtu mwema wa kanisani kwenu.

Hatua inayofuata ni ofisi ya mipango miji ya halmashauri yako. Moshono, Olasiti na Muriet ni Jiji la Arusha. Ngaramtoni na Kisongo ni Halmashauri ya Wilaya ya Arusha. Usa River ni Meru. Uliza mambo matatu na uyaandike: nyumba iache mita ngapi kutoka barabarani, iache mita ngapi kutoka kila mpaka wa jirani, na je, kuna barabara, bomba au laini ya umeme iliyopangwa kupita karibu. Masharti hayo hutofautiana kulingana na ukubwa wa viwanja vya eneo na aina ya barabara, kwa hiyo ya rafiki yako wa Njiro hayakuhusu wewe wa Kisongo. Katika mfano wetu tuchukulie umeambiwa mita 3 mbele, mita 2 nyuma na mita 1.5 pembeni.

Kiwanja kikiwa karibu na mto au korongo lenye maji, kumbuka kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004: ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto hakuna shughuli ya kudumu inayoruhusiwa. Themi, Naura na Burka zinapita katikati ya makazi, na kwa Moshi kuna Karanga, Rau na Njoro. Kiwanja cha bei nafuu ukingoni mwa mto kina sababu ya bei yake.

Kama kiwanja hakijapimwa na umenunua kwa mkataba wa serikali ya mtaa, jiongezee tahadhari upande wa barabara. Eneo likija kurasimishwa, njia ya mita 4 inaweza kutanuliwa, na ukuta uliojengwa juu ya mstari wa njia ndio wa kwanza kuwekewa alama nyekundu ya X. Acha nafasi ya ziada mbele sasa, uipandie bustani inayohamishika.

Jua, mlima na maji

Arusha iko kama nyuzi 3.4 kusini mwa ikweta. Maana yake kwa mjenzi ni hii: mwezi Juni, jua la mchana linakuwa upande wa kaskazini, mwezi Desemba linakuwa upande wa kusini. Na Juni hadi Agosti ndiyo miezi yetu ya baridi, wakati mji ulio kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari unavaa sweta mpaka saa tano. Dirisha linalotazama kaskazini, basi, linapata jua wakati wa baridi na linapumzika na jua wakati wa joto la Desemba hadi Februari. Hakuna upande mwingine wa nyumba wenye bahati hiyo.

Mashariki panapata jua la asubuhi, zuri kwa vyumba vya kulala na vya watoto. Magharibi panapata jua la alasiri lililolala chini, linaloingia hadi nyuma ya kochi na kuupasha ukuta joto linalobaki ndani mpaka usiku. Kwa Moshi, ambako ni chini zaidi na joto ni kali, ukuta wa magharibi ni wa kuuogopa kabisa. Kwa Arusha ni wa kuukinga.

Kwa hiyo nyumba ya 12 kwa 9 ilale mashariki kwenda magharibi: kuta ndefu zitazame kaskazini na kusini, kuta fupi zitazame mashariki na magharibi. Sebule na kibaraza viwe kaskazini. Na huko kaskazini ndiko uliko Mlima Meru, mita 4,562, kama ilivyo Kilimanjaro kwa mtu wa Moshi. Mlima unaonekana vizuri asubuhi kabla mawingu hayajaukalia. Kibaraza kilichogeukia huko hakikugharimu chochote zaidi ya kugeuza ramani.

Mlima huo huo ndio unaotuletea maji. Sehemu kubwa ya Arusha na Moshi inateremka kutoka kaskazini kwenda kusini, na maji ya masika, Machi hadi Mei, yanafuata mteremko huo. Lakini kila mtaa una migongo yake, hivyo pima. Njia ya mafundi ni nyepesi: mpira mwembamba unaoonyesha ndani, uliojazwa maji bila povu la hewa. Mtu mmoja anashika ncha moja kwenye kigingi cha kona ya juu, mwingine anapeleka ncha ya pili kona ya chini. Maji yakitulia, usawa wa ncha zote mbili ni mmoja. Weka alama kwenye kila kigingi, pima kutoka alama hadi ardhini, na tofauti ndiyo mteremko wako. Mteremko wa sentimita 40 ndani ya mita 20 hauonekani kwa macho, lakini maji yanauona.

Ukiweza, kitembelee kiwanja wakati mvua inanyesha, si siku ya pili yake. Na waulize majirani waliokaa muda mrefu masika hupita wapi. Mama anayeuza mboga kwenye kona ya mtaa anajua njia ya maji kuliko dalali yeyote.

Angalia pia udongo. Ukiwa mweusi, unanata masika na kupasuka nyufa kiangazi, msingi unahitaji mhandisi, na maji ya bati na ya bustani yasiachwe yakae karibu na kuta.

Karatasi, mkasi na boksi

Chukua karatasi ya grafu au ya miraba. Sentimita 1 iwe mita 1. Kiwanja chote cha 20 kwa 20 kinaenea kwenye karatasi ya A4. Chora mipaka, andika kaskazini, chora mshale wa mteremko, onyesha barabara, nguzo ya umeme, mti uliopo na dirisha la jirani linalokutazama. Kisha piga mstari wa nukta wa zile mita 3, 2 na 1.5, kuta za nyumba hazitatoka nje ya mstari huo.

Sasa kata vipande vya boksi kwa kipimo hicho hicho. Nyumba uikate pamoja na mapaa yake, yaani bati linalotokeza nje ya kuta: 12 kwa 9 yenye mapaa ya sentimita 60 kila upande inakuwa 13.2 kwa 10.2. Watu husahau mapaa, halafu bati linamwagia jirani maji. Gari likate mita 2 kwa 5, na upana huo uongeze hadi 3.5 ili milango ifunguke. Tenki la maji la lita 5,000 lipe mraba wa mita 2. Karo lipe 2 kwa 3, na shimo la kunyonya, linalozamisha ardhini maji ya karo, duara la mita 1.5. Mparachichi uliokomaa upe duara la mita 6. Watu wazima wachache wamewahi kukata boksi tangu watoke shule, lakini jioni moja ya kusogeza vipande hivi mezani na familia inaokoa ugomvi wa miaka.

Anza na vichafu na vizito

Agizo langu ni kinyume cha mazoea: usianze na nyumba. Anza na maji machafu, kwa sababu yenyewe hayabembelezwi, yanateremka tu. Nyumba inaweza kusogea mita moja huku au kule, lakini karo lisipokuwa upande wa chini utajenga choo kinachorudisha maji.

Tuchukue kiwanja ambacho barabara iko kaskazini na ardhi inateremka kusini. Viwanja vya namna hii ni vingi na watu huvikwepa kwa sababu vinakaa chini ya barabara. Mimi navipenda, kwa sababu ukishayadhibiti maji ya geti, vingine vyote vinakaa upande wake.

Kona ya chini kabisa, kusini-magharibi, ipe karo na shimo la kunyonya. Karo likae mita 3 kutoka ukuta wa nyumba, na shimo lisiguse mpaka wa jirani wa chini. Liachie mita moja na nusu. Kama wewe au jirani ana kisima, shimo liwe mbali nacho mita 30 au zaidi, na hapo kiwanja kidogo kinaweza kukulazimisha uchague moja. Vyoo, bafu na jiko vipangwe upande huo huo wa nyumba ili bomba liwe fupi na chemba, visanduku vya kukagulia bomba, ziwe chache.

Jambo linalosahaulika: karo litajaa, na gari la kunyonya majitaka lazima lifike karibu kiasi cha kuvuta mpira. Karo lililofungiwa nyuma ya nyumba bila njia huishia kunyonywa kwa mpira uliopitishwa sebuleni. Katika mfano wetu njia ya gari itashuka upande wa magharibi, hivyo mpira una njia.

Nyumba

Sasa isogeze nyumba: mita 2 kutoka mpaka wa kusini, mita 1.5 kutoka mpaka wa mashariki. Tazama kilichobaki. Mbele, upande wa kaskazini, una mita 9 kwa 20. Magharibi mwa nyumba una upana wa mita 6.5 kushuka hadi nyuma kabisa. Vyote vimeungana kama herufi L, hakuna kilichopotea isipokuwa vichochoro viwili vya lazima.

Kichochoro cha mashariki cha mita 1.5 ukiondoa mapaa kinabaki sentimita 90 za anga. Kinatosha kupita, kupaka rangi na kusafisha gata, hakitoshi kuweka madirisha makubwa ya sebule. Weka huko madirisha ya vyumba vya kulala, makubwa kiasi, ili jua la asubuhi liingie kwa juu ya ukuta. Ukuta wa mpaka ukiwa wa mita 2.4, jua la saa moja halitafika. La saa tatu litafika. Kama unaweza kubakiza mita 2 badala ya 1.5 upande huo, bakiza. Ni nusu mita inayolipa.

Sakafu ipande angalau sentimita 45 juu ya ardhi ya upande wa juu, yaani upande wa barabara. Ni gharama ya kifusi, ndiyo. Ni ndogo kuliko ya kuondoa tope la masika kwenye kabati.

Fikiria pia nyumba itakua wapi. Wengi wetu tunajenga kwa awamu, na wengi wanaanza na nyumba ndogo ya uani, wanahamia humo, kisha wanaendelea na kubwa. Mpango huo ni mzuri, ila ile nyumba ndogo ikishajengwa haiondoki. Ichore kwenye karatasi siku moja na kubwa, hata kama kubwa ni ya miaka kumi ijayo. Kwenye 20 kwa 20 ushauri wangu ni kutojenga mbili kabisa. Afadhali msingi wa nyumba kubwa uandaliwe na mhandisi kubeba ghorofa, au ianze vyumba viwili na kuongezeka kuelekea kaskazini, kuliko kuzijaza zile mita 292 kwa banda la wapangaji na kubaki na uwanja usiotosha mtoto kukimbia.

Gari

Geti liwe kona ya kaskazini-magharibi. Gari linaingia na kushuka, bila kukata kona kali, hadi kwenye banda lililoegemea ukuta wa magharibi wa nyumba. Banda la mita 3.5 kwa 5.5 linatosha Noah au RAV4 milango ikiwa wazi. Lianze mita moja na nusu mbele ya mstari wa nyumba, ili nyuma yake ibaki uani ya mita 7 kwa 6.5. Na banda lenyewe linafanya kazi ya pili: linaukinga ule ukuta wa magharibi dhidi ya jua la alasiri. Ukiwa na magari mawili, tanua banda hadi 5.5, ukanda wa nje unaobaki ni wa mita moja tu, hivyo jiulize kama kweli unahitaji la pili kulala chini ya bati.

Kutoka kinyumenyume kuingia barabarani si salama, hasa mtaa wenye bodaboda na watoto wa shule. Mbele ya nyumba toa kipande cha mita 3 kwa 5 upande wa kushoto wa anayeingia, kiwe cha kugeuzia: gari linatoka bandani kinyumenyume, linaingiza mkia pale, kisha linatoka getini likitazama mbele. Kipande hicho usikimwagie zege. Weka vitofali vyenye matundu, nyasi ziote katikati. Siku zote zisizo za kugeuza gari, ni sehemu ya bustani na mahali pa kuweka viti wageni wakija.

Vivyo hivyo kwenye njia yenyewe. Kumwaga zege uwanja mzima kumekuwa fasheni, na naomba uikatae. Zege linahifadhi joto, linapeleka maji yote kwa jirani wa chini, na linakunyima ardhi uliyoinunua kwa bei ghali kuliko simenti. Njia mbili za matairi zinatosha: kila moja sentimita 60, katikati yake sentimita 90 za nyasi. Gari la kawaida linakaa juu yake sawasawa. Chini ya banda mwaga zege ukitaka, likiwa na mteremko wa sentimita 2 kwa kila mita, kuelekea mbali na nyumba.

Geti la upana wa mita 3.6 hadi 4. La milango miwili linafagia mita 2 kuelekea ndani, na gari lililosimama likisubiri litabaki barabarani. Kwa hiyo rudisha geti ndani mita moja na nusu ikiwezekana. La kusukuma pembeni halifagii, ila linataka ukuta mtupu wenye urefu kama wake: katika mfano huu litateleza kuelekea mashariki, hivyo mita 4 za kwanza za ukuta huo usizipandie kitu wala kuziwekea mita ya umeme.

Na sasa yale maji. Kwa kuwa barabara iko juu, chimba mfereji unaokatiza geti zima, upana wa sentimita 30, uufunike kwa wavu wa nondo unaoinuliwa. Maji ya barabarani yanaangukia humo na kupelekwa kwenye mtaro wa mtaa, si uwanjani kwako. Wavu uinuke, kwa sababu kila baada ya mvua kubwa utaondoa mchanga na chupa za maji. Kizingiti cha geti kipande kidogo juu ya barabara.

Bustani

Baada ya njia ya gari, mbele kunabaki kama mita 16 kwa 9 zilizo wazi, zinazotazamana na sebule, zenye jua. Hapa ndipo faida ya kutoiweka nyumba katikati inapoonekana.

Kivuli kwanza. Katika Juni, kama saa sita na nusu mchana ambapo jua la Arusha liko juu kabisa, ukuta wa mita 2.4 upande wa kaskazini unaangusha kivuli cha mita 1.2 kuelekea ndani kwako. Kwa hiyo mboga zisiwe miguuni pa ukuta huo. Ziache kama mita moja na nusu, na hapo weka maua yanayovumilia kivuli au njia ya kutembea. Matuta yawe na upana wa mita 1 hadi 1.2 ili mkono ufike katikati kutoka kila upande, na njia za sentimita 40 kati yake. Matuta manne ya mita 4 ya mnafu, sukuma wiki, mchicha na figili yanalisha familia majani ya wiki nzima, ukivuna kwa zamu. Yaweke karibu na mlango wa jiko kuliko karibu na geti. Bustani iliyo mbali na jiko hufa kiangazi.

Miti: chagua mmoja mkubwa, si mitano. Mparachichi uliobebeshwa (uliounganishwa kwenye shina la mwingine), kona ya kaskazini-mashariki, duara lake la mita 6 likiwa mbali na ukuta wa nyumba na mbali kabisa na karo. Usiupande katikati mbele ya kibaraza, utaufunika mlima. Mipapai inaingia popote penye mita 2. Migomba ina mahali pake pa asili: ukanda wa magharibi ambako maji ya kuogea na ya kufulia yanaweza kuelekezwa, ilimradi yasiwe ya chooni. Mgrevilia ni mti mzuri wa kihamba, shamba la nyumbani la Wachagga, si wa 20 kwa 20. Mkaratusi na jamii ya mitini yenye mizizi mikali usiikaribishe kabisa karibu na karo na bomba.

Kihamba cha Uchagani kinatufundisha kitu hapa: parachichi juu, mgomba chini yake, kahawa chini ya mgomba, magimbi na mboga chini kabisa. Watu wa mlimani wameishi na ardhi ndogo kwa vizazi kwa kupanda kwa ghorofa. Na mipaka yao ni masale, yanayoota wima bila kutanuka, yanayoheshimiwa na jirani. Michongoma ni uzio mkali unaozuia mwizi na ng'ombe, lakini unakula mita nzima ya upana na unataka kukatwa kila mara. Kwa kiwanja hiki ni anasa. Upande wa jirani unayeelewana naye, mstari wa masale na waya unatosha, na matofali yake yakapelekwa mbele.

Maji ya bustani yatoke batini. Bati lenye mapaa katika mfano huu lina karibu mita za mraba 134. Mvua ya milimita 10 tu inaangusha juu yake lita zaidi ya 1,300. Hata zikipotea baadhi kwenye gata, elfu moja unazipata. Kwa Arusha kuna sababu ya ziada: maji mengi ya chini yanayozunguka Mlima Meru yana madini ya floridi kwa wingi, ndiyo yanayotia meno ya watoto wetu rangi ya kahawia. Maji ya mvua hayana shida hiyo. Tenki likae uani, pembeni ya ukuta wa jiko, juu ya jukwaa imara: lita 5,000 ni tani 5, na udongo uliojazwa juzi hautabeba. Litakalofurika liongozwe kwenye migomba, lisielekee kwenye shimo la kunyonya.

Uani yenyewe, ile 7 kwa 6.5, itakuwa na karo, tenki, jiko la nje na kamba za nguo. Juu ya karo usijenge kitu; kamba za nguo zinapita juu yake bila shida. Mabanda ya kuku yaweke mwisho wa upepo, mbali na dirisha la jirani.

Kama barabara yako haiko kaskazini

Barabara ikiwa kusini na kiwanja kikapanda kuelekea mlimani, geuza: nyumba isogee mbele karibu na barabara, kwa kadiri utakavyoruhusiwa, na bustani iwe nyuma, kaskazini, ya faragha. Karo litakuwa mbele, karibu na geti, kwa hiyo mbele acha mita 5 badala ya 3. Maji ya mlima yatakuja kwa nyuma. Chimba mfereji wa kuyakata kando ya ukuta wa kaskazini uyapeleke pembeni. Barabara ikiwa mashariki, gari libaki kwenye kona ya mashariki na kusini, na kaskazini pabaki wazi. Ikiwa magharibi ni rahisi zaidi: banda la gari linakaa hapo hapo linapotakiwa kukinga jua.

Kukipeleka ardhini

Karatasi ikikubalika, usimwite fundi bado. Nunua kamba, vigingi na mfuko wa chokaa. Piga pembe mraba kwa mita 3, 4 na 5: mita 3 upande mmoja, 4 upande mwingine, na kati ya ncha hizo iwe 5 kamili. Chora nyumba kwa chokaa, na vyumba vyake, na banda, na geti. Azima gari la ndugu, liingize kwenye geti la chokaa, lipaki, fungua milango, ligeuze kwenye kile kipande cha kugeuzia, litoke. Weka kiti mahali pa kibaraza ukae saa kumi jioni, uone jua linaingia wapi. Mama mwenye nyumba asimame mahali pa jiko na ahesabu hatua hadi kwenye kamba za nguo. Marekebisho ya leo ni ya chokaa.

Kisha mpe mchoraji wako vipimo hivyo aviingize kwenye ramani ya kiwanja inayoambatana na michoro ya nyumba, na upeleke maombi ya kibali cha ujenzi halmashauri ukiwa na nakala ya hati. Msingi usichimbwe kabla kibali hakijatoka. Na kikitoka, fundi asisogeze kigingi hata nusu mita bila wewe kuwepo, kwa sababu kilichoidhinishwa ni ile karatasi.

Ukuta wa uzio usiukamilishe mapema. Acha upande mmoja wazi mpaka lori la mwisho la kokoto, mchanga na bati liwe limeshaingia, na karo limeshachimbwa. Mparachichi wenyewe usingoje: upande siku msingi unapochimbwa, pale ulipochora duara lake, uuzungushie miiba ili lori lisiukanyage. Mche uliobebeshwa huanza kuzaa ndani ya miaka mitatu hadi minne, na nyumba zetu nyingi huchukua muda huo huo kufika kwenye rangi.